Ratiba Inapobadilika: Wahudumu wa Afya wa Ufuo wa Ziwa Victoria na Mapendekezo Mapya ya Chanjo

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mapendekezo mapya ya chanjo yanavyomfikia, au yanavyokosa kumfikia, mhudumu wa afya katika Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akajiuliza suala la sindano na majokofu linahusiana vipi na taaluma ya lugha. Jibu litajitokeza kadiri maelezo yanavyoendelea. Kwa sasa yatosha kusema kwamba pendekezo la chanjo ni matini. Huandikwa na wataalamu, hufupishwa, hutafsiriwa, husimuliwa upya katika semina, na hatimaye hutamkwa na muuguzi mmoja mbele ya mama mmoja aliyepakata mtoto. Matini hiyo ikiharibika njiani, anayeumia si mwandishi wake.

Ni muhimu ieleweke tangu mwanzo kwamba ratiba ya chanjo haikuumbwa mara moja ikakamilika. Mpango wa taifa wa chanjo nchini Kenya, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la KEPI, ulianzishwa mwaka wa 1980 ukiwa na kinga dhidi ya maradhi 6: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Mwaka wa 2001 ikaja chanjo ya pamoja iliyoongeza homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib. Mwaka wa 2011 ikaongezwa chanjo ya nimonia. 2013 dozi ya pili ya surua. 2014 chanjo ya virusi vya rota vinavyoharisha watoto. 2015 chanjo ya polio ya sindano. Mwaka wa 2016 matone ya polio yenye aina 3 za virusi yaliondolewa duniani kote katika muda wa majuma mawili, yakachukuliwa mahali pake na yenye aina 2, na katika mwaka huo huo surua ikaunganishwa na rubela. Mwaka wa 2019 zikaja chanjo ya malaria na ile ya saratani ya mlango wa kizazi, 2021 zikafuata za UVIKO-19, na Julai 2025 ikazinduliwa chanjo ya homa ya matumbo. Kwa hivyo muuguzi aliyehitimu mwaka wa 2000 na angali kazini amelazimika kujifunza ratiba yake upya si chini ya mara 10. Chuoni alifundishwa ratiba moja.

Elimu Iliyozaliwa Ufuoni

Jambo linalostahili kutangulizwa, na ambalo wakazi wengi wa Kisumu wenyewe hawalijui, ni kwamba mawili kati ya mapendekezo makubwa ya chanjo yaliyotolewa duniani katika miaka ya hivi karibuni yalitegemea ushahidi uliokusanywa kwao.

La kwanza ni la malaria. Utafiti wa awamu ya tatu wa chanjo iitwayo RTS,S ulifanywa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, ukahusisha watoto 15,459. Kenya ilikuwa na vituo 3: Kilifi pwani, pamoja na Siaya na Kombewa, viwili ambavyo vimo katika ukanda wa ziwa na viliendeshwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kwa kushirikiana na washirika wake wa Marekani. Ilidhihirika kwamba miongoni mwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote 4, visa vya malaria vilipungua kwa kiasi cha asilimia 39 katika kipindi cha miaka 4. Kwa wale walioanza wakiwa wachanga zaidi, kinga ilikuwa hafifu. Ndiyo sababu chanjo hii haikuambatanishwa na zile za juma la 6, la 10 na la 14, jambo ambalo lingaliwarahisishia kazi wauguzi na akina mama pia.

La pili linahusu virusi vya papiloma, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Utafiti uliopewa jina la KEN SHE uliwashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2022, yalionyesha kwamba dozi moja pekee ilitoa kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo katika muda wa miezi 18. Desemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dozi moja inaweza kutumika badala ya mbili. Kenya, iliyokuwa ikitoa dozi mbili tangu Oktoba 2019 zikiachana kwa miezi 6, iliingia katika utaratibu wa dozi moja mwaka wa 2025.

Hapa pana kinaya ambacho mwanafasihi hawezi kukipita bila kukitazama. Damu ilitolewa Kombewa na Kisumu, takwimu zikakusanywa huko huko, kisha elimu hiyo ikasafiri hadi Geneva, ikajadiliwa, ikaandikwa kwa Kiingereza, ikarudi Nairobi mbele ya kamati ya kitaifa ya washauri wa chanjo, KENITAG, ikapita wizarani, ikashuka kwenye kaunti, na mwisho kabisa ikafika katika zahanati iliyo mwendo mfupi kutoka pale ilipozaliwa. Mtoto wa nyumbani amerejea kama mgeni, na baadhi ya wenyeji hawamtambui.

Safari ya Waraka

Mabadiliko yanapoidhinishwa, Wizara ya Afya hutoa waraka na mwongozo. Afya ilipogatuliwa mwaka wa 2013, uajiri na usimamizi wa wauguzi ulihamia kwenye serikali za kaunti, ilhali sera na ununuzi wa chanjo ukabaki kwa serikali ya kitaifa. Waraka kwa hivyo huvuka mpaka wa kiutawala kabla haujavuka wa kijiografia. Kisha huja mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa huwafunza wa kaunti, wa kaunti huwafunza wa kaunti ndogo, nao huwaita wahudumu wa vituo, mara nyingi mmoja kutoka kila kituo, kwa siku moja au mbili.

Utaratibu huu una mantiki yake. Ni rahisi kuupanga na kuugharimia. Udhaifu wake ni kwamba unaichukulia zahanati kana kwamba ni mtu mmoja. Katika vituo vidogo vya Seme, Nyakach au Suba, anayehudhuria semina ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo au, tuseme ukweli, ndiye ambaye zamu yake ya posho imefika. Akirudi huwasimulia wenzake akipata nafasi. Akihamishwa mwezi unaofuata, huondoka na semina yake kichwani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika chumba cha chanjo mambo ni kinyume: asiyekuwapo semina lake lipo, nalo linamngoja Jumatatu asubuhi likiwa limebebwa mgongoni na mama aliyetembea kutoka Kaloka au Usoma.

Mara kwa mara hata ngazi hiyo hukatika. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi 5. Mwaka wa 2025, serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ya afya ya Nyanza iliyokuwa ikilipia semina, usafiri wa wasimamizi na uchapishaji wa vitini ilisimama au ikapunguzwa. Mapendekezo ya chanjo hayakusimama kuisubiri.

Pengo hilo sasa hujazwa na simu. Vikundi vya WhatsApp vya wauguzi hupokea picha ya waraka kabla waraka wenyewe haujafika, na kwa hakika hilo limeokoa muda mwingi. Hata hivyo, picha ya ukurasa wa pili haina tarehe wala sahihi, nayo husambazwa tena miezi minane baadaye kana kwamba imetoka jana. Wakati wa UVIKO-19 tatizo hili lilionekana wazi. Dozi za kwanza za AstraZeneca ziliwasili Kenya tarehe 3 Machi 2021, na muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili ulipangwa kuwa majuma 8. Muda si muda ukasogezwa hadi majuma 12 kwa sababu shehena zilizotarajiwa zilichelewa. Maagizo yote mawili yalikuwa sahihi, kila moja kwa wakati wake. Juni mwaka huo, baada ya sherehe za Madaraka zilizofanyika Kisumu, aina ya Delta ilipoenea na kaunti 13 za eneo la ziwa na magharibi zikawekewa vikwazo, watu walifurika vituoni wakiwa na kadi zenye tarehe za kurejea zinazotofautiana kwa mwezi mzima. Mhudumu aliyeulizwa ipi ni ya kweli alihitaji kitu kimoja tu, nacho ni tarehe ya waraka.

Isitoshe, mtu akitafuta mwongozo kwenye intaneti haupati ule wa Kenya kwanza. Huupata wa Marekani, ambako Juni 2025 waziri wa afya aliwafuta kazi wanachama wote 17 wa kamati ya ushauri wa chanjo, na baadhi ya vyama vya madaktari vikaanza kuchapisha ratiba zao wenyewe zinazohitilafiana na za serikali. Tabibu wa Ahero hana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Ana haja ya kujua kwamba ukurasa anaousoma haukuandikiwa mtoto wa Ahero.

Kusahau Ulichofundishwa

Mijadala mingi kuhusu elimu endelevu ya wahudumu huchukulia kwamba tatizo ni kukosa kujua jipya. Baraza la Wauguzi la Kenya hudai uthibitisho wa mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni, na msukumo wa kanuni hiyo ni kuongeza. Lakini uzito mkubwa uko katika kuacha la zamani. Jambo jipya hutangazwa kwa mabango na hotuba. Jambo lililofutwa hufutwa kimya kimya.

Mifano haikosi. Kwa miaka mingi wauguzi walifunzwa kutazama kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, na lisipoonekana, wamchanje tena. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema kwamba kukosekana kwa kovu si dalili ya kukosekana kwa kinga, na hakuna haja ya kurudia. Vivyo hivyo, chanjo ya virusi vya rota iliwekewa mipaka mikali ya umri ilipoanza, kiasi kwamba mtoto aliyechelewa kwa majuma machache alirudishwa nyumbani. Mwaka wa 2013 shirika hilo lililegeza mipaka hiyo likiona kwamba faida ya kumkinga aliyechelewa inazidi hatari. Cheti cha homa ya manjano, ambacho wasafiri wanaovuka kuingia Uganda kupitia Busia wanakifahamu vyema, kilikuwa cha miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 ni cha maisha. Waliodungwa upya baada ya tarehe hiyo kwa sababu tu cheti chao "kimekwisha" walidungwa bure.

Baya zaidi ni desturi ya kuanza upya. Mtoto wa mvuvi huzaliwa Dunga, akapata dozi ya kwanza huko, kisha wazazi wakafuata samaki hadi Mbita au visiwa vya Remba na Ringiti. Anaporejeshwa kliniki baada ya miezi mitano, muuguzi aliyezoea utaratibu wa kale huona mfululizo umekatika, hivyo huanza moja. Kanuni inasema kinyume: dozi zilizotolewa huhesabiwa, na mtoto huendelea kutoka pale alipoachia. Kuanza upya hupoteza dawa na hurefusha safari, na mama aliyeambiwa kwamba juhudi zake za awali ni sufuri ana sababu nzuri ya kutorudi. Kadhalika yule anayemrudisha mtoto mwenye mafua mepesi, akidhani anamhurumia. Mafua mepesi si kizuizi cha chanjo.

Chanjo ya malaria ilidai kusahau na kukumbuka kwa pamoja. Kwa mazoea, mama humaliza msururu wa kwanza juma la 14, kisha hurudi mwezi wa 9 kwa surua, na tena mwezi wa 18. Chanjo hii ilipozinduliwa katika Kaunti ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, Kenya iliipanga mwezi wa 6, wa 7, wa 9 na wa 24. Mwezi wa 7 na wa 24 haikuwa siku za kliniki katika akili ya mtu yeyote. Muuguzi ambaye kwa miaka ishirini alimwambia mama, "Basi, sasa tuonane akitimiza miezi 9," alipaswa kuuzuia ulimi wake. Na kwa dozi ya nne, inayokuja baada ya mtoto kuanza kutembea, kula na kukimbia, na wakati mama pengine amebeba mimba nyingine, hakuna bango linaloweza kufanya kazi ya kauli moja iliyosemwa mapema: hujamaliza bado.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto nacho kina lake. Kijitabu kilichochapwa kabla ya chanjo mpya hakina kisanduku chake. Mhudumu huandika pembeni kwa kalamu, na mwenzake wa kituo kingine, asiyeona kisanduku, haoni dozi. Ikumbukwe pia kwamba mwanzoni chanjo ya malaria ilitolewa katika baadhi tu ya kaunti ndogo za eneo la magharibi, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ili matokeo yalinganishwe na ya zile ambazo hazikupata. Mama aliyehama kilomita chache alikuta wahudumu ambao hawakuwa nayo na, katika hali nyingine, hawakuwa wamefunzwa chochote kuihusu. Machi 2023 utoaji ulipanuliwa hadi kaunti ndogo nyingine za ukanda huo.

Homa Ngapi?

Sasa turejee kwa lugha, maana hapa ndipo palipo na mengi. Miongozo ya chanjo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kazi ya kukifikisha Kiswahili chumba cha chanjo imeachiwa muuguzi mwenyewe, na baada ya Kiswahili humngoja Kidholuo, Kiluhya, Kisuba au Kikuria. Yeye ndiye mfasiri wa mwisho, tena mfasiri asiye na kamusi wala mhariri, aliye na foleni ya watu arobaini.

Chukua neno homa. Kwa Kiswahili, homa ni joto la mwili. Pia ni jina la nusu ya maradhi yanayochanjiwa: homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu. Katika matumizi ya mtaani, "ana homa" aghalabu humaanisha ana malaria. Basi muuguzi anapotakiwa kueleza kwamba chanjo ya malaria hukinga na kwamba mtoto anaweza kupata joto kwa siku moja au mbili baada ya kudungwa, mama husikia kwamba chanjo inayozuia homa inaleta homa. Si upumbavu wa mama. Lugha imemtega, na aliyepaswa kuutegua mtego ni mtunzi wa mwongozo. "Mwili wake unaweza kupata joto" ni kauli inayotosha; neno homa likaachiwa ugonjwa.

Neno la pili ni majaribio. Mpango wa 2019 ulioendeshwa Kenya, Ghana na Malawi haukuwa tena uchunguzi wa kama chanjo inafanya kazi mwilini. Hilo lilikuwa limefanyika Kombewa, Siaya na kwingineko. Ulikuwa wa kutazama kama inaweza kutolewa katika kliniki za kawaida, kama itapunguza vifo, na kama dalili fulani za kutia shaka zilizoonekana katika utafiti wa awali, ikiwemo idadi ya visa vya homa ya uti wa mgongo, zilikuwa na uhusiano wowote na chanjo yenyewe. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa shughuli hizo mbili. Kiswahili cha magazeti kiliziita zote majaribio, neno ambalo humrejesha msikilizaji kwenye panya wa maabara. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria, baada ya kuthibitika kwamba uhusiano ule wa kutiliwa shaka haukuwapo, lugha ya wahudumu ilitakiwa kubadilika siku hiyo hiyo. Anayeendelea kusema "ile ya majaribio" hajasema uongo wa makusudi. Amesema ukweli uliopitwa na wakati, na kwa mama anayesitasita athari yake ni ile ile.

Lipo pia tatizo la kiasi. Kitenzi kuzuia, kwa mazoea ya Kiswahili, hufunga mlango wote. "Chanjo hii inazuia malaria" ikisemwa, na mtoto akaugua mwezi unaofuata, aliyepoteza imani hapotezi imani katika chanjo hiyo peke yake. Kauli sahihi ni kwamba inapunguza: visa vinapungua, na vile vikali vinapungua. Katika nchi 3 za mpango huo, vifo vya watoto wa umri uliolengwa vilishuka kwa asilimia 13. Ni idadi kubwa ya watoto, ingawa haiwezi kubebwa na neno kuzuia. Vyandarua navyo vinaendelea kuhitajika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulionyesha kwamba asilimia 19 ya watoto katika ukanda wa ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 6.

Neno chanjo lenyewe linatokana na kuchanja, kitendo cha kukata ngozi na kupaka dawa, ambacho jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikifahamu kabla ya kuja kwa hospitali. Yamkini hapa lugha imemsaidia muuguzi. Hahitaji kuanzisha wazo geni kwamba kitu kidogo kikitiwa mwilini leo kinaweza kukinga kesho. Wazo lipo. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini maelekezo ya kitu hicho hubadilika, na hili ndilo swali ambalo wahudumu wengi hulikwepa kwa kusema, "Ni agizo la wizara." Mwaka wa 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipotilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa, na Wizara ya Afya ikazikanusha shaka hizo, jibu la "agizo la wizara" lilikuwa ndilo jibu dhaifu kuliko yote. Mama aliyetaka kujua kwa nini watu wazima wanadungwa, na kwa nini yeye na si mumewe, alistahili kuambiwa kwamba kinga ya mama humfikia mtoto anayezaliwa, na kwamba pepopunda ya kitovu huua wachanga.

Dozi Moja, Isipokuwa

Kuhusu rika nyingine, maelezo machache yatatosha. Ratiba imekoma kuwa ya watoto wachanga pekee. Wajawazito, wazee, wenye maradhi ya kudumu na wahudumu wenyewe wamo. Na wahudumu wanaokumbusha wengine aghalabu hawajakamilisha dozi zao 3 za homa ya ini aina ya B, ingawa wao ndio hushika sindano zenye damu kila siku. Kampeni ya Julai 2025 ya homa ya matumbo iliwalenga watoto wa kuanzia miezi 9 hadi kabla ya kutimiza miaka 15, hivyo ikawaweka foleni moja mtoto anayenyonya na mwanafunzi wa darasa la nane.

Mfano wa msichana wa miaka 10, hata hivyo, hauwezi kupitwa haraka, kwa kuwa unaonyesha jinsi pendekezo zuri linavyoweza kupungukiwa njiani. Dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni habari njema kwa kaunti yoyote. Chanjo hii hutolewa pia shuleni, na kuwafuata wasichana wale wale baada ya miezi 6, wakati baadhi wamehama shule au wameacha, kulikuwa ndiko kulikowashinda wahudumu. Habari hiyo husafiri vizuri kwa sababu ni fupi: dozi moja yatosha. Hutoshea kwenye ujumbe wa simu, kwenye bango, na kwenye tangazo la mwalimu mkuu gwarideni.

Lakini msimamo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2022 una sehemu ya pili. Wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Katika kaunti ambako virusi hivyo ni nadra, sehemu hii ni tanbihi. Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini, na humo wamo wasichana waliozaliwa na virusi na ambao sasa wanafikia umri wa chanjo hii. Wao pia ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya saratani yenyewe.

Muuguzi aliye uwanjani mwa shule hawezi kumuuliza msichana hali yake mbele ya wenzake, wala hapaswi. Dozi ya pili ya msichana huyo itatoka katika kliniki anakochukulia dawa, kwa mhudumu mwingine, wa idara nyingine, aliyehudhuria semina nyingine. Ikiwa mhudumu huyo naye amepokea ule ujumbe wa maneno matatu kwenye simu, atamtazama msichana, ataona alama ya dozi moja kwenye kadi, na atamwambia kwamba amemaliza.